Barua Nilizombebea Mheshimiwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wengi wenu mtayasomea kwenye simu. Na simu hiyo hiyo ndiyo mnayopelekea maneno ya wanasiasa kutoka kundi moja hadi lingine kabla hamjayasoma mpaka mwisho. Nimewaona hapa nyumbani. Kidole kimegusa, ujumbe umeenda, na nikiuliza umesema nini naambiwa, "Sijui, magokoro, nimefowadi tu." Siwacheki. Mimi nyanya yenu nilifanya hivyo hivyo miaka kumi na mmoja, ila nilitumia kikapu na miguu yangu. Kaeni chini niwaambie nilimbebea nani, na nilibeba nini.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Hayo aliyatangaza mwenyewe kwa vipaza sauti mpaka tukayachoka. Nitamwita Mheshimiwa, kwa sababu hakuna aliyemwita vingine, hata mkewe akimwambia aje kula. Boma lake liko ng'ambo ya kijito, kwenye kilima kinachotazamana na chetu. Nikichuma chai yangu nilikuwa naona kofia yake akichuma yake.

Kuhusu kazi nampa haki yake. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa chai kama ya sisi wengine. Kila Jumatatu alichuma na vibarua wake, majani mawili na chipukizi, halafu akabeba gunia lake mwenyewe hadi kituo cha kununulia chai na kupanga foleni. Karani wa mizani alikuwa anamwita apite mbele. Yeye anakataa. "Hawa akina mama wamefika kabla yangu," anasema, na anakaa juu ya gunia lake kama mtu yeyote, anauliza ng'ombe wa fulani amepona, binti wa fulani amefaulu mtihani. Alijua majina ya watoto wetu wote. Mimi mwenyewe huwa nachanganya wajukuu. Yeye hakuwahi kukosea hata mmoja.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kwenye mikutano wenzake walifoka mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Yeye alishusha sauti, na watu mia wakainama mbele kumsikiliza kama wagonjwa wa masikio. Pombe hakuonja. Kanisani aliimba sauti ya nne, ile nzito, na Sabato ambayo hakuwepo wimbo ulikuwa unakosa sakafu.

Na alilia. Mazishi gani hakulia? Alipokufa mzee wangu, Mheshimiwa alishika jeneza upande wa miguu, kutoka barabarani hadi kaburini, na matope yetu ya mwezi wa nne mnayajua. Kiatu kimoja kilizama. Hakusimama. Alienda na soksi mpaka mwisho, akarudi nyumbani na soksi hiyo. Wiki iliyofuata kiatu tulikipata tukilima, tukakiosha, tukakikausha kwenye mawe ya meko, nikampelekea mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Omong'ina," akaniambia, yaani mama mzee, "kama una mkono wa kurudisha hata kiatu, basi nina kazi nzuri ya kukupa."

Ndipo barua zilipoanza.

Simu aliiogopa kama nyoka. Alikuwa na simu mbili, lakini za kusema salamu tu. "Ujumbe nikiutuma asubuhi," aliniambia, "saa nne uko mkononi mwa kila kijana pale stendi ya Kisii. Karatasi ninajua ilipo." Mambo ya chama aliandika kwa mkono, kwenye karatasi alizochana katikati ya daftari la hesabu, lile la vijumba vijumba. Kila barua aliikunja mara nne, akaifunga kwa jani kavu la mgomba, akaiweka chini ya ndizi zangu siku ninapokwenda soko la Kebirigo. Pale Kebirigo palikuwa na mwenyekiti wa chama, ambaye pia alikaa kwenye kamati iliyogawa miradi ya eneo letu. Yeye ndiye aliyepokea. Kutoka kwake maneno yalikwenda kwa wakubwa wengine, huko sikuhusika.

Barua hizo hazikuwa na bahasha. Hazikuwa na gundi. Jani la mgomba tu, na kamba. Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa niwaambie jinsi sisi tulivyolelewa kuhusu barua. Wanaume wetu walifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho, na barua zao zilikuja na yeyote anayekuja. Mama yangu alizibeba nyingi. Sheria ilikuwa moja, na tulichapwa kwa ajili yake. Barua si yako, huifungui. Ukimkabidhi mwenyewe, unageuka, unaangalia ng'ombe, mpaka amalize kusoma. Huangalii uso wake, kwa sababu uso pia ni barua. Mimi nilishika sheria hiyo. Miaka yote hiyo nilimpa mwenyekiti jani lake, nikageuka, nikaangalia ng'ombe wake wawili wa maziwa. Nawajua wale ng'ombe madoa yote. Uso wa mwenyekiti akisoma sikuuona hata siku moja.

Na kwa vile karatasi haikufungwa, nilivimba kichwa. Nilijiambia, ona jinsi mtu mkubwa anavyoniamini. Nilitembea kilomita zile nimenyooka kama bibi harusi.

Shule nilifika darasa la tatu. Biblia nasoma. Lesoni ya Sabato nasoma, polepole, kwa kidole, ya Ekegusii na ya Kiswahili. Mheshimiwa aliniona kanisani nimeshika Biblia imefungwa wakati mhubiri anasoma. Miwani yangu ilikuwa imevunjika mguu, na sura zenyewe nilizijua kwa moyo, basi nifungue nini? Hakuniuliza. Mtu aliyejua mpaka jina la mbuzi wangu hakuniuliza kama najua kusoma.

Kile kipande cha shamba mnachokiona kando ya barabara, chenye jiwe, si cha serikali. Ni chetu. Sisi wanawake wa egesangio, kundi letu la kulimiana mashamba kwa zamu, tuko tisa. Maboma yetu matatu yanagusa barabara, na tulikubaliana kila moja litoe ukanda wake ili tujengewe zahanati yenye chumba cha kuzalia. Wangu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Nilikata migomba kumi na minne iliyokuwa na mikungu, nikiwa na panga langu mwenyewe, na sikuhuzunika. Mheshimiwa alileta jiwe kutoka Tabaka kwa pikapu, lile jiwe laini jeupe lenye wekundu kidogo wanalochongea vinyago. Jina lake lilikuwa limechongwa kwa herufi kubwa kuliko neno zahanati. Alisimama juu ya kreti ya soda akashusha ile sauti yake. "Hapa mama wa Gusii hatazalia barabarani tena." Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Jiwe likakaa. Kuku walilipanda. Watoto walilikwaruza kwa misumari, kwa vile ni laini. Nilipomuuliza kwenye foleni ya chai alinishika bega. "Mama, mimi naandika. Barua si unazibeba wewe mwenyewe? Huoni ninavyosumbuka kwa ajili yenu?"

Niliona. Ndiyo, niliona. Kila alipoweka jani chini ya ndizi niliwaza, hii ndiyo ya zahanati. Nikatembea haraka zaidi.

Mke wa mwanangu alishikwa na uchungu wiki ile ya mvua ya mawe, ile iliyochana chai yote mpaka kilima kikabaki vijiti. Ilikuwa mchana. Boda boda haikuweza kupanda, tukamshika mkono mmoja mimi, mwingine mume wake, twende lami. Hatukufika lami. Tulifika kwenye jiwe. Alishika jiwe lile kwa mikono miwili, akazaa hapo, juu ya majani ya mgomba niliyoyakata kwa haraka. Mtoto alikuwa msichana. Hakulia. Nilimpuliza, nikampiga nyayo, nikampuliza tena. Mama yake alikuwa ananiangalia mimi, hamwangalii mtoto.

Mheshimiwa alikuja kutupa pole. Alilia.

Na mimi, siku ya soko iliyofuata, nilimbebea barua nyingine.

Mwaka jana mwenyekiti wa Kebirigo alifariki. Baada ya siku za matanga, mjane wake alikuja hapa na mkebe wa bati, ule wa majani ya chai ya kuuza nje. Akauweka mezani akakataa kukaa.

"Mama, hizi ulileta wewe," akasema. "Nilitaka kuwashia moto, mkono ukakataa."

"Kwa nini ukatae? Ni karatasi za marehemu."

"Umo ndani."

"Jina langu?"

"Jina hapana. Lakini ni wewe." Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unajua kusoma?"

Nikamwambia najua. Akashika mdomo.

Nilisoma siku nne, alfajiri kabla ya kwenda kuchuma na mchana kivulini, na miwani imefungwa kwa uzi. Mwandiko wake ni mzuri, nilimsifu kwa hilo. Nyingine ni mambo ya chama tu, nani anunuliwe kofia, nani asiaminiwe, nani amenenepa tangu apewe cheo. Anatania vizuri. Kuna mahali nilicheka, nikajichukia.

Halafu nikafika kwenye foleni ya chai. Aliandika: "Jumatatu nakaa foleni na akina mama. Saa moja ya foleni inanipa kura kuliko mikutano mitatu, na sihitaji kukodi viti."

Nikafika kwenye jiwe. Barua hiyo naijua kwa moyo sasa, kama Zaburi. "Ile zahanati ya upande wangu isipitishwe mwaka huu kwenye kamati. Huku kura ninazo. Jiwe linatosha. Tukijenga sasa, uchaguzi ujao tutawaahidi nini? Pelekeni matofali kule kunakoyumba." Na chini, kwa maneno ya haraka haraka: "Samahani karatasi ina madoa, mvua ya mawe imenikuta nikiandika barazani."

Mvua ya mawe. Nilihesabu kwa vidole. Nilimkumbuka mwenyekiti siku hiyo, alinipa hata chai. Nilikuwa nimegeuka naangalia ng'ombe. Barua hiyo ilikuwa kikapuni mwangu siku mbili kabla ya mke wa mwanangu kushika lile jiwe. Niliibeba mimi. Haikufungwa hata kwa gundi.

Na kwa nini haikufungwa, hilo pia limeandikwa. Mwenyekiti inaonekana alikuwa na wasiwasi, akamuuliza. Naye akajibu: "Usihofu juu ya mama wa kikapu. Hajui a wala be. Yule ni sanduku la posta lenye miguu, na halihitaji hata kufuli."

Miaka kumi na mmoja nilidhani ni heshima.

Nilitafuta kiatu. Nilipindua kila karatasi nikitafuta kama aliandika kuhusu mazishi ya mzee wangu, ile soksi, yale matope, kwamba ilimpa kura ngapi. Niliogopa kukikuta. Hakimo. Sijui nimshukuru kwa hilo. Huenda siku ile alikuwa analia kweli, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kwamba mtu yule yule aliyeacha kiatu kwenye matope yetu aliweza kukaa barazani siku nyingine na kuandika vile. Angekuwa mbaya moja kwa moja ningemjua mapema.

Alikuja leo asubuhi. Ameanza kuzunguka tena, anataka kurudi kwenye kiti alichokikosa mara iliyopita. Aliacha gari barabarani akashuka kwa miguu, na sasa anatembea na fimbo. Nikamkuta amesimama uani anaangalia mke wa mwanangu akianika mahindi. Mke wa mwanangu ana mimba tena, ya miezi saba. Alimsalimu Mheshimiwa kwa adabu akaingia jikoni.

"Bwakire buya, Omong'ina," akanisalimu.

"Mbuya. Kaa."

Alikaa. Nilimpa uji, kwa sababu mgeni ni mgeni. Akauliza habari za chai, za ng'ombe, za kila mjukuu kwa jina lake. Bado hakukosea. Nikamjibu kila mmoja. Halafu akakoroga uji ambao hauna kitu cha kukorogwa.

"Mjane wa mwenyekiti ameniambia kuna mkebe."

"Upo."

"Zile ni karatasi za chama, Mama. Hazina faida kwako. Nipe nikaziweke mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

Akacheka kidogo. "Umeanza kuwa wakili."

"Mimi ni sanduku la posta," nikamwambia. "Lenye miguu."

Kijiko kilisimama. Hapo niliona jinsi uso wake ulivyo ukiwa mtupu. Ni uso wa mzee tu. Kwa mara ya kwanza sikugeuka kuangalia ng'ombe.

"Ulisomewa na nani?"

"Nilisoma mwenyewe. Darasa la tatu. Hukuniuliza."

Halafu akaanza, polepole, ile sauti ya chini. Kwamba siasa ina lugha yake, kwamba watu wa chama huongea hivyo wakiwa peke yao, kwamba hata mimi na wenzangu wa egesangio tunasema mambo juu yake tukiwa shambani. Hilo ni kweli. Tunasema. Lakini sisi tukimaliza kumsema hakuna mtoto anayekufa.

Nikamwambia hivyo. Akaangalia mlango wa jikoni, mahali mke wa mwanangu alipoingilia, akahesabu, nilimwona akihesabu.

"Nipe ule mkebe," akasema, "na wiki ijayo mchanga na kokoto viko pale barabarani. Mafundi Jumatatu. Mwezi wa kujifungua wake, chumba kimoja kitakuwa na bati. Kwa mdomo wangu."

Nitawaambia ukweli, kwa sababu nimeanza kuusema. Moyo uliruka. Nilifikiria mkebe, bati tupu na karatasi za hesabu, nikafikiria chumba chenye kitanda. Miguu ilitaka kuinuka iende kuuchukua. Mjukuu mmoja hai ni mkubwa kuliko hasira zangu zote. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, niliona ncha ya leso yake.

Nikainuka. Lakini nilichochukua ni daftari la hesabu la mtoto, na kalamu. Nikaviweka mbele yake.

"Andika," nikasema. "Wewe ni mtu wa kuandika. Andika mchanga, mafundi, Jumatatu, weka jina lako kama lilivyo kwenye jiwe. Ukimaliza nakupa mkebe wote, na barua hiyo nitaipeleka kwa kamati mimi mwenyewe, kwa kikapu."

Aliangalia kalamu.

"Mama, sisi tumejuana miaka mingapi? Neno langu halitoshi?"

"Andika mistari miwili."

"Karatasi ni kitu kibaya wakati huu."

"Kwa mwenyekiti uliandika ngapi? Mkebe umejaa."

Akaweka mkono juu ya daftari, ukakaa hapo, ule mkono wenye utomvu wa chai. Nikangoja. Nje kuku wanakwaruza. Nilitaka aandike, siwafichi, nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu kwa mtu huyu. Halafu akaufunga ule ukurasa taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, akashika fimbo yake.

"Mimi siandiki tena siku hizi," akasema.

Basi nikajua mchanga ule ulikuwa jiwe lingine.

Uji aliuacha nusu. Pale mlangoni akaniuliza kama bado namwombea. Nikamwambia naomba, kila asubuhi, na kwamba Mungu hasemi na mimi kwa barua, kwa hiyo sijui amejibu nini. Hakucheka. Alipanda kile kipande kwenda barabarani, akapita karibu na jiwe lake bila kuliangalia.

Nilisubiri gari liondoke. Halafu nikawaita wote wa boma hili, wakubwa kwa wadogo, nikawapa amri, na hapa naiandika ili asije mtu akasema nilisema vingine. Mke wa mwanangu atoke kesho, aende akae kwa mdogo wangu pale mjini Nyamira karibu na hospitali, na asirudi mpaka amebeba mtoto anayelia. Jumapili egesangio ikutane hapa uani, mkebe ufunguliwe, na msomaji ni mimi, barua zote, hata zile za kuchekesha. Na lile jiwe ling'olewe leo kabla ya kukamua. Mlilete mlilaze mbele ya mlango wangu, maandishi yatazame juu, na kila atakayeingia nyumba hii apanguse matope hapo kwanza, awe nani, hata akija na fimbo.